Vitabu vya Kusoma kwa Mnyonga Baiskeli wa Upareni

Ukitaka kujua kama kitabu cha baiskeli kinakufaa, kipime na barabara ya Mbaga. Toka Same mjini, fuata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam kilomita kama tano, kata kushoto kuelekea Mwembe, kisha anza kupanda. Ukifika kwenye kona za juu utakuwa umeshashuka unakokota, jasho limekuingia machoni, na maswali yaliyobaki kichwani ni machache: mbona mnyororo unaruka, breki zitashika wakati wa kurudi, maji ya kunywa yako wapi, na waliochimba njia hii ubavuni mwa mlima walikuwa watu gani. Kitabu kinachojibu mojawapo ya hayo kina thamani ya fedha yako. Kinachokueleza habari za fremu za kaboni na migahawa ya Ufaransa, kiache dukani.

Orodha nyingi za vitabu vya baiskeli hutungwa Ulaya na Marekani, kwa ajili ya mtu mwenye giya ishirini na lami mlangoni. Wewe huenda una Phoenix ya giya moja yenye keria la chuma na breki za fito, au una baiskeli ya mtumba ambayo nusu ya giya zake zimegoma. Vingi kati ya vitabu nitakavyovitaja ni vya Kiingereza, lakini hilo lisikutishe. Vya ufundi vina michoro, na mchoro hausomwi kwa kamusi. Vya safari vimeandikwa kwa lugha nyepesi, na ukikwama kwenye sentensi moja endelea na ya pili; njia yenyewe utaielewa, maana unaijua kwa miguu.

Anza na spana

Kitabu cha kwanza kiwe cha ufundi, na hapa ushauri wangu unapingana na wauza vitabu: nunua cha zamani. Vitabu vipya vya matengenezo vimejaa breki za mafuta, giya za betri na beringi zilizofungwa ndani ya kopo lisilofunguliwa. Phoenix haina hata kimoja cha hivyo. Ina gololi zinazopakwa grisi kwa kidole, ina kranki inayoshikwa na kotapini, ina rimu za chuma na spoki za kukazwa moja moja. Richard's Bicycle Book cha Richard Ballantine kilitoka mwaka 1972, enzi ambayo vifaa hivyo vilikuwa jambo la kawaida hata London. Matoleo yake ya miaka ya sabini na themanini ndiyo ya kutafuta. Sehemu ya kotapini peke yake inatosha kukuokolea fedha: pini inayogongwa kwa nyundo bila kranki kuegemezwa kwenye kitu kigumu hupeleka pigo lote kwenye gololi na vikombe vyake, na baada ya wiki mbili pedali zinaanza kulia.

Kama baiskeli yako ni ya mtumba ya milimani, yenye giya nyuma na mbele, tafuta Zinn & the Art of Mountain Bike Maintenance cha Lennard Zinn. Kina matoleo mengi, kwa hiyo chagua lile linalokaribiana na umri wa baiskeli yako, wala usivutiwe na jipya kwa sababu lina picha za rangi.

Kuna kitabu kingine chembamba ambacho ningemwekea kila fundi baiskeli wa Same, Hedaru na Makanya kwenye kibanda chake: The Bicycle Wheel cha Jobst Brandt, kilichochapishwa mwaka 1981. Kinazungumzia gurudumu tu, mwanzo hadi mwisho. Brandt anaonyesha kwa hesabu jambo linalowashangaza hata mafundi wakongwe: spoki zote zimevutwa tangu mwanzo, na uzito unapolikalia gurudumu, spoki za chini hulegea kidogo huku nyingine zikibaki karibu kama zilivyokuwa. Kila mzunguko kila spoki inalegea na kukaza, inalegea na kukaza. Ndiyo maana spoki haikatiki siku ile ulipobeba gunia la tangawizi kutoka Mamba Miamba. Hukatika miezi baadaye, asubuhi ambayo huna mzigo, kwa sababu chuma kimechoka. Na spoki iliyolegea huchoka haraka kuliko iliyokazwa vizuri. Kwa hiyo kabla ya safari yoyote ya mlimani, inua gurudumu la nyuma, lizungushe taratibu, na donoa kila spoki kwa kidole kama mpiga zeze. Ile yenye sauti nzito kuliko jirani zake za upande uleule imelegea. Nusu ya pili ya kitabu inafundisha kusuka gurudumu zima kuanzia habu tupu, hatua kwa hatua, na fundi mwenye subira anaweza kulisuka la kwanza akifuata michoro tu.

Anayependa hesabu aongeze Bicycling Science, kilichoanzishwa na Frank Rowland Whitt na David Gordon Wilson mwaka 1974 kupitia MIT Press. Si cha kusoma mfululizo. Nenda kwenye sura za nguvu za mwili na za breki, kisha chukua karatasi upige hesabu za mlima wako mwenyewe. Tuseme wewe, baiskeli na mzigo mna kilo 100, na unapanda mita 1,000 kutoka tambarare hadi kijiji cha juu. Kazi hiyo ni kilojuli 980. Mtu wa kawaida anayenyonga kwa muda mrefu anaweza kutoa kama wati 100, hivyo kuinua uzito huo peke yake, ukiacha msuguano na vituo vya kupumzika, kunadai karibu saa mbili na dakika arobaini na tano. Sasa geuka. Unaposhuka, nishati ileile inakurudia, na sehemu kubwa ya ile usiyoiacha hewani inaishia kwenye raba za breki na rimu. Kilojuli 980 zinatosha kuchemsha karibu lita tatu za maji ya baridi. Ukiielewa hesabu hiyo, hutashuka tena kutoka Mbaga ukiwa umebana breki mfululizo hadi chini. Utabana kwa nguvu, utaachia, utabana tena, na mahali penye uwazi utasimama ugeuke kutazama nyika huku rimu zinapoa. Siku ya mvua usicheze kabisa. Rimu ya chuma ikilowa, breki hushika kwa shida sana na umbali wa kusimama huongezeka mara kadhaa. Shuka chini, tembea nayo.

Baada ya hesabu zote hizo unahitaji kucheka. Jerome K. Jerome, katika Three Men on the Bummel cha mwaka 1900, ana kisa cha jamaa aliyejitolea kuitengeneza baiskeli ya mwenzake isiyo na ubovu wowote. Gololi zinatapakaa chini, nyingine hazionekani tena, na bwana huyo haishiwi maelezo. Kila mtaa una mtu wa aina hiyo.

Wasafiri

Kwa upande wa safari, ningeanza na Dervla Murphy, mwanamke wa Lismore, Ireland, aliyefariki mwaka 2022. Alipotimiza miaka kumi alipewa baiskeli iliyotumika na atlasi, akaamua siku moja atanyonga hadi India. Alisubiri hadi Januari 1963, katikati ya baridi kali ya Ulaya, ndipo akaondoka. Full Tilt, kilichotoka mwaka 1965, ndicho kitabu cha safari hiyo.

Kinachokihusisha na Upare ni jinsi alivyojiandaa. Baiskeli yake ilikuwa na giya tatu; akazing'oa kabla ya kuondoka kwa kuona kwamba zitaharibika kwenye barabara mbovu za mbele. Akavuka Uajemi, Afghanistan na Pakistan kwa giya moja, na palipomshinda alikokota. Pia alitanguliza tairi za akiba kwenye miji iliyo mbele yake ili zimsubiri. Ukitaka kuizunguka Pare Kusini kwa barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi, takribani kilomita 100, fanya kama yeye kwa kiwango chako. Uliza mapema fundi yuko wapi Kisiwani, Gonja, Ndungu na Kihurio. Tuma tyubu na tairi kwa basi kwa mtu unayemwamini aliye katikati ya njia. Na kwenye begi uwe na solusheni, viraka na pampu. Uwanda huo una migunga, na mwiba wa mgunga hauchagui tairi jipya wala kuukuu.

Murphy alikuja kwetu pia. The Ukimwi Road cha mwaka 1993 kinasimulia safari yake ya kutoka Kenya hadi Zimbabwe, akipitia Uganda na Tanzania, akiwa na umri wa miaka sitini. Alitarajia mapumziko, akakuta kila alipolala watu wanazungumzia maradhi yaleyale. Ni kitabu kizito, na maoni yake juu ya misaada ya kigeni ni makali. Usikubaliane naye kila ukurasa. Kisome kwa sababu ni nadra kuiona nchi yako ikitazamwa kutoka kwenye kiti cha baiskeli na mtu anayetua kila jioni kuomba maji.

Dada au shangazi anayejifunza kuendesha ukubwani mpe A Wheel Within a Wheel cha Frances Willard, cha mwaka 1895. Mwandishi alikuwa kiongozi wa chama cha wanawake cha kupinga ulevi Marekani, alijifunza akiwa na miaka 53, na anasema ilimchukua kama miezi mitatu ya mazoezi ya dakika kumi na tano kwa siku. Kinasomwa jioni moja. Maneno aliyosikia kutoka kwa watu waliomtazama hayajabadilika sana.

Wapanda milima wa jirani

Vitabu vya mashindano ni vingi, na vingi vinachosha: hatua hii nilishinda, ile nilianguka. Viwili vinatuhusu.

The Climb cha Chris Froome, alichokiandika na David Walsh mwaka 2014, kinaanzia Kenya. Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfundisha mbio za baiskeli ni David Kinjah, Mkenya wa Kikuyu aliyekuwa akiwalea vijana wa kijijini kwake kwenye kikundi cha Safari Simbaz. Soma sehemu hizo za mwanzo kwa makini, kwa sababu zina mafunzo: kijana anapanda miinuko nyuma ya wanaume wenye baiskeli za kuungaunga, anaachwa, kesho anarudi. Kuna pia kisa cha mwaka 2006, alipotumia baruapepe ya chama cha baiskeli cha Kenya kujiandikisha mwenyewe kwenye mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, akaenda, na mara tu baada ya kuanza akamgonga ofisa wa mbio. Miaka saba baadaye alishinda Tour de France ya kwanza kati ya nne. Sehemu za baadaye, za Ulaya, unaweza kuziruka bila hasara kubwa.

Kizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Land of Second Chances cha Tim Lewis, cha mwaka 2013, juu ya timu ya baiskeli ya Rwanda. Shujaa wake ni Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari ya 1994 na akafika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Lakini kwa msomaji wa Upare utamu uko pembeni mwa hadithi: baiskeli za mbao zinazoteremsha viazi milimani, wakulima wa kahawa waliotengenezewa baiskeli ndefu ya mizigo, vijana waliogundua kwamba wana mapafu ya kushindana kwa sababu walikuwa wakibeba abiria kwenye miinuko kila siku. Anayeijua chukudu, baiskeli ya mbao ya Goma, ataitambua dunia hiyo mara moja. Baada ya kitabu kuchapishwa historia iliendelea: Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, na kilichowatesa waendeshaji wa Ulaya ni vilima. Mwembe ina vilima pia.

Ukikuta It's Not About the Bike cha Lance Armstrong kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kama ambavyo utakikuta, usikinunue peke yake. Armstrong alinyang'anywa mataji yake saba ya Tour de France mwaka 2012 kwa dawa za kuongeza nguvu. Kisomwe pamoja na The Secret Race cha Tyler Hamilton na Daniel Coyle, la sivyo kiache.

Mlima wenyewe

Sasa nakuja kwenye rafu ambayo orodha za Ulaya haziwezi kukupa. Mtu anayenyonga baiskeli anaiona nchi kwa mwendo unaomruhusu kuuliza maswali, na Upare imeandikiwa vizuri kuliko wenyeji wengi wanavyodhani.

Kitabu cha msingi ni A Political History of the Pare of Tanzania cha Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cha mwaka 1969. Alikusanya masimulizi ya wazee, ukoo kwa ukoo. Kisome kabla ya kupanda Usangi na Ugweno, upande wa Mwanga, na utajua kwamba unapita kwenye nchi ya wahunzi. Watu wa ukoo wa Washana waliyeyusha chuma huko Ugweno na chuma cha Upare kiliuzwa hadi kwa Wachagga, karne kadhaa kabla rimu ya kwanza haijateremshwa bandarini Tanga. Kwa mtu ambaye maisha yake yanategemea chuma kinachozunguka, hiyo si habari ndogo.

Kimambo aliandika tena, mwaka 1991, Penetration and Protest in Tanzania, kinachofika hadi miaka ya ukoloni. Humo kuna kisa cha mbiru, kodi ya kupima mapato ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi makao makuu ya wilaya, Same, wakapiga kambi kuikataa. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Walishuka kwa miguu, kwa njia ambazo nyingi bado zipo. Ukiwa unakokota baiskeli kwenye njia zilezile, kurasa hizo zinasomeka kwa namna nyingine kabisa.

Kwa barabara ya mashariki, beba viwili vinavyogombana. Ukitoka Same kuelekea Kisiwani, milima iko kulia kwako na nyika ya Mkomazi iko kushoto. Tony Fitzjohn, katika Born Wild cha mwaka 2010, anaeleza jinsi alivyohamia Mkomazi na kuijenga upya hifadhi, faru na mbwa mwitu wakiwamo. Dan Brockington, katika Fortress Conservation cha mwaka 2002, anaeleza habari za wafugaji walioondolewa humo mwishoni mwa miaka ya themanini ili hifadhi ibaki bila watu. Mimi naona Brockington ana hoja nzito zaidi, lakini usiniamini kabla hujamsoma Fitzjohn, anayejua kusimulia. Mkomazi imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2008, kwa hiyo usikate njia ya mkato kwa baiskeli ndani ya mpaka wake. Hata nje ya mpaka, tembo hawasomi mabango. Pita hapo jua likiwa juu.

Kitabu cha mwisho kwenye rafu hii ni cha Kiswahili na si cha baiskeli: Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kitabu maarufu cha David Werner. Jeraha la kuanguka kwenye changarawe, mfupa uliovunjika, mwili uliokaushwa na jua la Hedaru, vyote vimo. Tafuta toleo jipya kadiri uwezavyo, kwa maana ushauri wa kuumwa na nyoka umebadilika: siku hizi hapachanjwi wala hapanyonywi, kiungo kinatulizwa kisitikisike na mgonjwa anakimbizwa hospitali. Na kwa anayeharisha njiani, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Kuvipata na kuvibeba

Sisi Wapare watani wetu wanasema hatutoi senti bila kuiaga, basi anza na vya bure. Jerome yupo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na Willard anasomeka kwenye Internet Archive. Hao wawili wamekwisha kutoka kwenye haki miliki na unaweza kuwapakua kwenye simu. Kisha nenda Moshi, kwenye maktaba ya mkoa ya Bodi ya Huduma za Maktaba, uulize rafu ya historia ya Tanzania. Vya Kimambo ni vya zamani, kwa hiyo uliza pia kwa walimu wastaafu. Nakala nyingi za vitabu vya miaka ya sitini na sabini ziko kwenye makabati ya watu. Kwa vinavyobaki, mtu wako wa Dar es Salaam akizipitia meza za vitabu vya mitumba anaweza kukufungia kifurushi cha basi kikashuka Same jioni ileile. Mkiwa watano wenye baiskeli, kila mmoja anunue kimoja na mzunguke.

Barabarani kitabu hakiwekwi kwenye keria bila kinga. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni, kisha kwenye kitambaa kizito, na ukikaze kwa mpira wa tyubu kuukuu. Vumbi la Makanya, eneo lenye machimbo ya jasi, hupenya mahali ambapo maji hayapenyi.

Na beba daftari. Uandishi wa safari kwa Kiswahili una umri mkubwa: Salim bin Abakari alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, ikachapishwa kwenye Safari za Wasuaheli cha Carl Velten mwaka 1901, na Adam Shafi akaandika Mbali na Nyumbani, juu ya safari zake za ujanani. Cha baiskeli, cha milima hii, kinakungoja. Andika vitu ambavyo mwenzako atavihitaji: kona yenye changarawe iliyolegea, ndiva (bwawa la kumwagilia) ambayo bado ina maji mwezi wa Septemba, jina la Chasu, yaani Kipare, la kila mlima unaoukokotea, nyumba ya fundi mwenye kotapini za akiba, saa uliyotoka na saa uliyofika. Tumia penseli, maana wino wa kalamu nyingine huyeyuka jasho la mfukoni likiufikia.